Mashauri kwa Kijana Afungaye Mzigo wa Safari ya Kwanza



Juma lililopita nilipokea barua mbili zilizotoka katika nyumba moja ya Lubumbashi. Ya kwanza iliandikwa na kijana wa miaka 21. Yeye na wenzake wawili wameweka akiba mwaka mzima, nao wataka kutumia likizo ya Agosti kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Zambia, kila mtu na mfuko wake mgongoni, wakipanda basi, wakitembea kwa miguu, wakilala mahali penye bei nafuu. Hawajapata kuvuka mpaka hata mara moja. Kijana aniuliza achukue nini, aache nini, na ajihadhari na nini.

Barua ya pili iliandikwa na babaye. Asema: «Mwalimu, umwambie mwanangu kwamba safari hiyo ni upuzi. Sisi tulisafiri kwa sababu ya kazi, au ugonjwa, au vita. Kusafiri ili kutazama tu ni jambo la watu wenye mali.» Kisha, chini kabisa ya ukurasa, ameongeza maneno machache: mdogo wake alikwenda Afrika ya Kusini miaka 15 iliyopita, na hata leo hawajui kama yu hai.

Naona kwamba hakuna aliyejua kuwa mwenziwe ameniandikia. Basi nitawajibu wote wawili mahali hapa, baba na mwana, kwa maana shauri lao ni la nyumba nyingi.

Mzigo wa mgongoni si jambo geni

Baba mheshimiwa, kwanza niruhusu nikukumbushe jambo moja. Kabla ya reli na motokaa, watu wa nchi zetu walitembea mwendo wa miezi mingi, wakichukua mizigo kichwani na mabegani. Kutoka Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kongo yetu, njia ya misafara ilipita Tabora hata kufika Bagamoyo, pwani ya Bahari ya Hindi. Wapagazi, hasa Wanyamwezi, walibeba kila mtu yapata kilo 30. Wengi walikuwa watu wa ujira. Lakini njia ile ile ilipitishwa pia watumwa, na hilo tusilisahau.

Wajua pia habari ya Chuma na Susi. Bwana wao David Livingstone alipofariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakauchukua hata pwani. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Hawakuwa na ramani mikononi kama vijana wetu walivyo nayo leo katika simu zao. Lakini walifanya baraza kabla ya kuondoka, walichagua viongozi, walijua kila mtu abebe nini, na neno waliloliahidi walilifikisha. Mambo hayo manne ndiyo msingi wa safari yoyote, hata leo. Mwanao atafuata upande ule ule wa nchi, naye atakwenda kwa siku chache tu pale walipokwenda kwa miezi tisa.

Karatasi kwanza, mfuko baadaye

Sasa nasema nawe, kijana. Wengi huanza safari yao dukani, wakichagua mfuko mzuri. Wewe uanze ofisini. Pasipoti yako iwe na miezi isiyopungua sita mbele yake baada ya siku ya kurudi, nayo iwe na kurasa tupu. Kongo yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa sababu hiyo watu husema ovyo: «Siku hizi hakuna haja ya karatasi.» Usiwasikilize. Zambia, utakayoipita, si mmoja wa washiriki wa Jumuiya hiyo, na kanuni za viza hubadilika. Nenda mwenyewe kwa wajumbe wa kila nchi utakayopita, uliza, andika jibu pamoja na tarehe yake. Kuuliza si ujinga.

Pamoja na pasipoti, yahitajiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapa wengi hukosea. Cheti hakianzi kufaa siku ile ile uliyodungwa sindano. Huanza siku 10 baadaye. Rafiki yangu mmoja alichanjwa siku nne kabla ya safari. Mpakani mtumishi wa afya alihesabu siku kwa vidole, polepole, mbele ya watu wote, kisha akamrudisha nyumbani. Basi letu likaenda zake. Neno jema ni hili: tangu Julai 2016, kwa kanuni ya mataifa yote, chanjo moja yatosha maisha yote. Kama ulikwisha chanjwa zamani na cheti unacho, kitunze. Usikubali kulipa mara ya pili kwa sababu mtu fulani akuambia kwamba miaka 10 imekwisha pita.

Piga picha ya karatasi zote, uziache kwa wazazi, na nakala moja ya karatasi iwe katika mfuko wa mwenzako, nawe uchukue ya kwake.

Fedha ya kurudi haina mwenyewe

Gawanya akiba yako mara tatu. Sehemu ya kwanza ni ya kwenda. Sehemu ya pili ni ya kula na kulala, uigawanye kwa hesabu ya siku, ili ujue kila asubuhi una kiasi gani. Sehemu ya tatu ni ya kurudi. Hiyo ishonee ndani ya mshipi au ndani ya nguo, nawe uihesabu kama si yako. Usiikopeshe, usinunulie zawadi, usiitoe hata kwa rafiki aliyeishiwa, maana siku hiyo mtakuwa wawili wasioweza kurudi, badala ya mmoja.

Utatumia fedha za namna tatu: faranga zetu, kwacha ya Zambia na shilingi ya Tanzania. Faranga zetu, ukiisha kwenda mbali na mpaka, ni vigumu sana kupata mtu wa kuzibadili, zimalize Kasumbalesa. Noti za dola ziwe safi, zisizochanika na zisizo za zamani sana. Mpakani watu watakukimbilia na mafungu ya noti mikononi, wakihesabu upesi kuliko macho yako. Badilisha kidogo tu, cha nauli na chakula cha siku moja. Kingine kibadilishwe mjini, katika benki au duka lenye ruhusa. Ujue bei ya siku ile kabla hujafika. Nawe hesabu mwenyewe, tena ukiwa umesimama pale pale.

Mfuko usikutawale

Mfuko wa safari ya kwanza daima ni mzito, kwa sababu mtu hufunga ndani yake hofu zake zote. Weka vitu vyote unavyotaka kitandani, kisha rudisha nusu kabatini. Kilo 10 zatosha kwa majuma matatu. Nguo za kubadili mara tatu, utazifua njiani. Sweta moja ya kufaa, kwa maana Mbeya na Iringa ni nchi za juu, na baridi ya miezi ya Juni hata Agosti huuma huko. Viatu ulivyokwisha kuvizoea, si vipya. Chandarua. Tochi. Sabuni. Dawa ulizoandikiwa na mganga wa dispensari, katika visanduku vyake. Kitenge kimoja, ambacho ni shuka, ni taulo, ni mto na ni pazia.

Usifunge vitu katika mifuko ya plastiki ya dukani. Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mgeni huambiwa aiache mpakani. Tumia mifuko ya kitambaa.

Chukua pia chumvi na sukari kidogo. Ukishikwa na kuhara njiani, maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyo sawasawa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo, ndiyo kinywaji kinachozuia mwili usikauke. Usizidishe chumvi. Na ukipata homa, usisubiri ufike mjini. Shuka, kapimwe malaria. Basi jingine litakuja kesho.

Njia yenyewe

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa si mbali, lakini mpakani siku yaweza kwisha. Ondokeni alfajiri. Mkivuka tu, kumbukeni kwamba motokaa za Zambia na za Tanzania hupita upande wa kushoto, si wa kuume kama kwetu. Jambo hili laonekana dogo, kumbe laua. Mtu wa Kongo akitaka kuvuka njia hutazama kwanza kushoto kwake kwa desturi, na gari humjia kutoka kuume. Kwa siku za kwanza shikaneni mikono kama watoto wa shule, wala msione haya.

Mtapita miji ya shaba, ambako Kibemba chenu kitawafaa, kisha Kapiri Mposhi. Hapo ndipo ianzapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya miaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilometa 1860 hata Dar es Salaam. Garimoshi la abiria si la kutegemewa bila kuuliza. Pengine limesimamishwa, pengine limechelewa kwa siku. Ulizeni kabla ya kuondoka, na fedha ya basi iwepo. Mpaka wa pili ni Nakonde upande wa Zambia, na Tunduma upande wa Tanzania. Hapo sogezeni saa zenu mbele kwa saa moja. Na mjue kwamba Mtanzania, kwa mazungumzo, huhesabu saa tangu mapambazuko: «saa kumi na mbili asubuhi» ndiyo 6 ya asubuhi katika simu yenu. Ukinunua tikiti, mwulize karani: «Ni saa ngapi kwa kuhesabu ya Kiswahili?» Wengi wameachwa na basi kwa kosa hilo moja.

Baada ya Iringa, kabla ya Morogoro, barabara yakata katikati ya mbuga ya wanyama ya Mikumi. Usilale. Waweza kuona tembo na twiga kwa dirisha la basi, bila kulipa kiingilio.

Kiswahili chenu kitawafungulia milango, lakini kitawafundisha unyenyekevu. Bukari ya kwetu, Zambia ni nshima, Tanzania ni ugali. Sombe yetu huko ni kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Tanzania, mwamkie kila mkubwa kwa «Shikamoo», nawe utaona uso wake ukikunjuka. Usicheke usemi wa watu, wala usione haya wakicheka wa kwako.

Mambo matatu ya kukataa

La kwanza, usibebe mzigo wa mtu, hata mdogo, hata mtu awe mama mwenye mtoto mgongoni, hata akwambie ni dawa ya mgonjwa. Mbele ya askari wa forodha, kilicho mikononi mwako ni chako.

La pili, usimwachie mtu pasipoti yako kwa sababu ya kazi. Kuna watu wanaokaa katika vituo vya mabasi wakitafuta vijana, hasa mabinti, wakiwaahidi mishahara mikubwa katika nchi za mbali. Kazi ya kweli haianzi kwa kumnyang'anya mtu karatasi zake. Nawe uliyeingia kama mgeni mwenye kutembea huna ruhusa ya kufanya kazi. Rudi nyumbani kwanza, uliza mambo hayo kwa kutulia.

La tatu, usipige picha za mipaka, madaraja, askari wala kambi zao.

Kosa langu

Kijana, sasa nitakueleza jambo ambalo sikutaka kuliandika.

Nami nilifuata njia hiyo nilipokuwa na umri kama wako. Nilimwambia mama: «Nitarudi baada ya majuma matatu.» Sikumwachia jina la mji hata mmoja. Usiku tulipokuwa tukikaribia Mbeya nililala basini, simu ikiwa katika mfuko wa shati, nilipoamka haikuwako. Namba zote zilikuwa ndani yake. Kichwani nilijua namba moja tu, nayo ilikuwa yangu mwenyewe.

Ningaliweza kutafuta njia. Palikuwa na paroko ambaye angalinisaidia kupeleka habari. Palikuwa na watu wa nyumbani kwetu waliokaa Dar es Salaam. Lakini niliona haya kueleza kwamba nimeibiwa kama mtoto. Nikasema moyoni: «Si kitu, siku si nyingi, nitarudi.» Nikatembea. Niliona bahari. Nilikwenda Bagamoyo, nikaitazama misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, nikafurahi sana. Siku 19 sikupeleka neno nyumbani.

Siku ya tisa, babu aliyenilea alifariki. Walinitafuta. Walipiga simu yangu, ikajibiwa na mtu asiyejulikana, kisha ikanyamaza kabisa. Wazee walingoja siku mbili, halafu wakamzika. Mama alikaa matangani akiwalilia watu wawili, maana aliamini kwamba mwenye simu ile ameniua.

Niliporudi nilimkuta uani. Hakunigombeza. Alinishika kichwa, kisha mabega, kisha mikono, kidole kwa kidole, kama mtu ahesabuye vitu vyake baada ya nyumba kuungua. Hata leo, nikimkumbuka babu, nakumbuka mikono ile. Kosa halikuwa la mwizi, wala la barabara, wala la nchi ya watu. Lilikuwa langu, na jina lake ni haya.

Kwa hiyo sikiliza. Andika namba za nyumbani kwenye karatasi tatu: moja katika pasipoti, moja katika kiatu, moja kwa mwenzako. Tena uzijue kwa moyo namba mbili. Chagueni na wazazi siku mbili za juma za kupeleka habari, kama vile Jumatano na Jumapili, nanyi msizikose hata kama hamna la kusema. Neno «Tupo» latosha. Ukitaka laini ya simu ya Tanzania, nenda duka la haki na pasipoti yako, kwa maana laini husajiliwa kwa pasipoti na kwa alama za vidole. Usinunue njiani laini yenye jina la mwingine. Na likikupata jambo, la kuibiwa au la kuugua au la kuishiwa, sema siku ile ile.

Neno kwa baba

Baba mheshimiwa, naamini kwamba hukuandika maneno yale ya chini ya ukurasa kwa bahati. Si safari inayokutisha, ni kimya. Mdogo wako hakupotezwa na njia peke yake. Pengine naye alipatwa na jambo dogo la kumtia haya, akangoja kwanza mambo yatengenee ndipo aandike. Na kadiri miaka ilivyopita, ndivyo barua ilivyozidi kuwa ngumu. Sijui habari yake. Lakini najua jinsi siku 19 zilivyonipita mimi, na jinsi ya ishirini ingalivyokuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza.

Ukimkataza mwanao kwa ukali, aweza kuondoka siku moja bila kukuaga, na hapo ndipo kimya kitakapoanza. Nakushauri ufanye hivi. Mwite pamoja na wenzake wawili na wazazi wao. Waambie walete daftari lenye njia yote: kila mji, kila usiku, nauli, namba za watu wanaoweza kuwapokea. Waonyeshe cheti cha chanjo. Wahesabu mbele yako fedha ya kurudi. Kisha uwape mtihani mdogo: waende Likasi kwa miguu yao na kwa basi, walale siku mbili, na mizigo yao yote mgongoni, nao wapeleke habari kwa saa mlizopatana. Wakirudi na fedha imekwisha, au wakikaa kimya, safari ya Agosti ingoje mwaka mwingine. Wakitimiza, uwape baraka yako kwa moyo mmoja.

Na siku ile, nakuomba, usimtwike maagizo ya ukoo mzima: vitenge vya shangazi, viatu vya binamu, sufuria za jirani. Mzigo wake ni kilo 10.

Mwambie tena neno moja, nawe umwambie wewe mwenyewe, si mimi: kwamba hata akiibiwa, hata akikosa, hata akiaibika mbele ya watu, mlango wa nyumba yako hauna kufuli kwake. Kijana aliyeambiwa hivyo hupiga simu mapema.

Wasomaji wengine mlio na watoto wanaofunga mizigo, au mlio na mtu aliyekwenda na kunyamaza, niandikieni. Nanyi mnaosoma ukurasa huu mkiwa mbali na kwenu, na hamjapeleka habari tangu siku nyingi, msingoje kupata neno zuri la kusema. Pelekeni lile mlilo nalo, leo.